Listi Iliyokaa Ubaoni Wiki Tisa

Mwaka wa 2014 nilikuwa darasa la saba kwa akademi moja hapa Dandora. Jina la shule sisemi. Ilikuwa ya mabati, vyumba saba, na upepo ukigeuka upande mbaya ulikuwa unasikia dampo mpaka kwa ulimi. Muhula wa pili tukapata kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumeona tu kwa TV: ubao mweupe. Futi nne kwa tatu, fremu ya aluminiamu, uliletwa na mkokoteni ukiwa umefunikwa na blanketi. Tulitolewa nje tuushangilie. Si utani, tulipiga makofi.

Wiki ya pili ya huo ubao, Jumatatu asubuhi, madam akaingia na karatasi ya ofisi akaandika majina kumi na moja. Juu yake akaandika "BAL." Mimi nilikuwa namba nne: 2,350. Maka yenye alitumia aliitoa ofisini, ile nene ya kuandikia katoni za vitabu. Saa nne ticha wa hesabu akachukua dasta afute aanze aljebra. Akafuta. Hakuna kitu. Akasugua kwa nguvu. Akalamba kidole akajaribu herufi moja. Akatuangalia kama ni sisi tumefanya.

Kila mtu mwenye mkono alijaribu. Maji na Omo. Vim. Jik, ambayo ilitoa harufu tu. Mlinzi akaleta waya ya kusugulia sufuria, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa, kwa sababu waya ilikwaruza ubao na majina yakabaki. Kwa hivyo muhula wote tulisoma juu ya hiyo listi. x ilikuwa inatafutwa katikati ya majina yetu. Mathe alimaliza kulipa wiki ya tatu, risiti akapewa, lakini ubaoni bado nilikuwa 2,350. Wasee wakaanza kuniita Balansi. Siku ya wazazi mathe alikuja na ile nguo yake ya kanisa, akaketi dawati la mbele, akaisoma listi kutoka juu hadi chini. Hakusema kitu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ndio aliniuliza, "Si nililipa?"

Miaka sita baadaye, corona ikiwa imetufungia kwa nyumba, nilijua kwamba ile listi ingetoka kwa dakika mbili. Nilikasirika vibaya. Halafu nikaanza kusoma kuhusu mbao, wino, chaki, vitu ambavyo hakuna mtu anaviwazia, na leo nataka kuwapa hiyo historia kwa sababu naona ni yetu kuliko tunavyodhani.

Kwanza, ukiambiwa ubao wa kuandika na kufuta ni kitu kililetwa na mzungu, kataa. Huku pwani yetu, Lamu, Mombasa, Zanzibar, watoto wa chuo, yaani shule ya Kurani, walisoma kwa ubao wa mti karne nyingi kabla ya shule za misheni. Kila mtoto na wake. Unaandikiwa aya na kalamu ya tete, unaisoma mpaka inaingia kichwani, ukishaihifadhi ubao unaoshwa unaandikiwa nyingine. Wino wenyewe ulikuwa wa masizi au makaa yaliyochanganywa na gundi ya mti, na gundi ya mti inayeyuka kwa maji. Yaani yule mtu alitengeneza wino akijua kutakuwa na siku ya kuufuta. Alifikiria kufuta kabla hajafikiria kuandika.

Na kuna kombe. Kama una rafiki wa pwani muulize. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, anaiosha kwa maji, mara nyingine marashi ya waridi, na mgonjwa anakunywa yale maji. Mimi siko hapa kuwaambia kama inaponya. Ninachosema ni kwamba kuna watu wa nchi hii ambao kwao maandishi yakifutwa hayapotei, yanaingia mahali pengine. Mimi nilikuja kujua hayo nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kupitia mfumo mzima wa elimu wa Kenya. Hakuna ticha hata mmoja aliyewahi kunitajia.

Upande ule mwingine wa dunia mambo yalikuwa karibu hivyohivyo. Ulaya na Marekani mtoto alikuwa na kibao chake cha sleti, jiwe jeusi la kuandikia, akimaliza anafuta na kitambaa au mkono wa shati. Shida ni kwamba ticha akitaka kuonyesha hesabu moja kwa watu thelathini, inabidi azunguke akiandikia mmoja mmoja. Ubao mkubwa wa ukutani ulianza kushika mwanzoni mwa miaka ya 1800. Majina mawili hutajwa sana: George Baron, aliyekuwa anafundisha hesabu katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, mwaka wa 1801, na James Pillans, mwalimu mkuu huko Edinburgh, aliyeutumia kufundishia jiografia. Wazo lenyewe ni dogo mpaka linachekesha. Chukua kile cha mtoto, kifanye kikubwa, kitundike. Lakini hapo ndipo darasa lote lilianza kuangalia mbele pamoja, na jina lako likiandikwa pale, kila mtu analiona.

Huku kwetu ubao mweusi ulikuja na misheni. Krapf na Rebmann walikuwa Rabai, karibu na Mombasa, kufikia 1846, na kutoka hapo shule za misheni zikasambaa na sleti zao na chaki zao. Baadaye, wakati wa shule za harambee baada ya uhuru, wazazi walikuwa wanajenga darasa wenyewe, na ubao ulikuwa sehemu ya ukuta: unapiga plasta laini, unapaka rangi nyeusi, basi. Rangi ikiisha watu waliponda makaa, au walivunja betri kuukuu za redio wakatoa ule unga mweusi wa ndani, wakakoroga na majani yenye utomvu wakapaka. Uliza mzazi yeyote aliyesoma mashambani miaka ya sabini au themanini. Atakuambia alitumwa makaa, na aliyesahau alichapwa.

Chaki nayo nyingi ni jasi tu, ile ile ya dari. Haiingii ndani ya ubao. Inakwama kwenye mikwaruzo midogo ya juu, unapitisha dasta inaanguka. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye aliwahi kuharibu ubao mweusi kwa kuandika. Unaweza kuharibu mapafu ya ticha, shati lake, na mood ya yule mtoi wa kukung'uta dasta nje, lakini ubao utakuwa sawa.

Sasa Dandora. Kuna watu wanaishi hapa miaka ishirini na hawajui huu mtaa ulianza vipi. Katikati ya miaka ya 1970, Nairobi ilikuwa inafurika watu na Halmashauri ya Jiji haikuwa na nyumba. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, 1975, na mpango ukawa huu: ploti 6,000, kila moja inapewa maji, choo na bafu, halafu mwenyewe ujenge nyumba polepole ukipata. Ndio unaona sehemu nyingi choo kiko katikati ya ploti na vyumba vimezunguka. Nyumba ilijengwa ikifuata choo, na usicheke, ilikuwa ni akili. Mtaa ukajengwa kwa awamu, ndiyo hizi Fezi zetu, ya kwanza mpaka ya tano. Na mwaka huohuo wa 1975 dampo nalo likaanza kupokea taka za jiji zima. Nyumba na taka zilizaliwa mwaka mmoja. Dampo lilitangazwa kuwa limejaa 2001. Mnajua vizuri kama lori zimewahi kusimama.

Kwa nini nawaambia hii kwa stori ya ubao? Kwa sababu wazazi wa kwanza wa Dandora walihamia hapa wakiwa wameambiwa shule ni bure. Mzee Kenyatta alikuwa ametangaza, na kuanzia 1974 darasa la kwanza mpaka la nne hakukuwa na ada. Watoto wakajaa. Shule hazikuwa na pesa za madarasa wala madawati, kwa hivyo zikaanza kuitisha "pesa ya ujenzi", na kuna mahali ilikuwa kubwa kuliko ada iliyofutwa. Ada ilifutwa kwa karatasi ikarudi na jina lingine. Halafu 1988 serikali ikaja na ile sera ya kugawana gharama: serikali inalipa mwalimu, mzazi anabeba vitabu, dawati, chaki, kila kitu. Chaki, wasee. Kuna watu walifukuzwa shule kwa sababu ya chaki.

Januari 2003 Kibaki akafungua milango. Kitaifa watoto wa shule za msingi walitoka kama milioni 5.9 mpaka milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Huku Eastlands kulikuwa na madarasa ya watoto mia na zaidi, na mtu akikaa nyuma haoni ubao kabisa. Hapo ndipo akademi za mabati zilipata soko. Mathe hakuwa na pesa ya akademi. Alikuwa anauza viazi karanga. Lakini alikuwa na hesabu yake: mahali kuna watoto mia, mtoto wangu ni nani? Mahali kuna thelathini, ticha atajua jina lake.

Na alijua kweli. Aliliandika ubaoni.

Rudini sasa kwa maka. Watu walikuwa wanajaribu kutengeneza kalamu ya ncha ya sufi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini ile yenye ilishika soko ni ya Sidney Rosenthal, Mmarekani, mwaka wa 1953: kichupa cha kioo kimejaa wino, utambi wa sufi ndani, unaandika kwa kitu chochote. Kioo, mbao, chuma, plastiki. Akaiita Magic Marker. Miaka ya sitini Wajapani wakaleta ncha nyembamba ya nyuzi na hapo kila ofisi ikawa na moja.

Ndani ya maka ya pamanenti kuna vitu vitatu, na mkivishika hivi vitatu mmeshika stori yote. Kuna rangi. Kuna utomvu, kitu kama gundi, cha kushikilia rangi. Na kuna kimiminika cha kuyeyusha hivyo viwili ili vitiririke, siku hizi mara nyingi ni aina fulani ya alkoholi. Ukiandika, kimiminika kinapaa, hiyo ndiyo ile harufu kali, na gundi inabaki imekaza rangi kwa ubao. Maji hayawezi kufanya kitu kwa sababu gundi yenyewe haijui maji. Unaweza kumwaga pipa nzima. Omo inakatakata mafuta, lakini hii si mafuta.

Maka ya ubao mweupe ilikuja baadaye, miaka ya 1970 huko Marekani, baada ya watu kuchoka na kalamu ambazo lazima ufute na kitambaa kilicholowa. Rangi iko, kimiminika kiko, ni kitu cha tatu ndio kilibadilishwa. Badala ya gundi wakaweka kitu cha mafutamafuta, jamaa wa silikoni, ambacho kazi yake ni kuzuia rangi isiguse ubao. Rangi inakauka ikiwa imeelea juu yake, kama chapo juu ya kikaango chenye mafuta. Dasta inapita, inaondoka. Ukiangalia vizuri yule mtu wa pwani na wino wake wa gundi ya mti alikuwa ameshawaza hivyo, yeye tu alitumia maji.

Ofisi za Nairobi na vyuo vya kompyuta ndivyo vilikuwa vya kwanza kuupenda ubao mweupe, na sababu kubwa ilikuwa vumbi. Chaki na kompyuta haziivani. Kwa shule za mabati sababu ni nyingine, na hii hamtaisoma kwa tangazo la duka: ukuta wa bati hauna plasta. Huwezi kuupaka rangi nyeusi ukaandika, una mawimbi. Ubao mweupe unaupachika kwa msumari mbili, mwenye ploti akipandisha rent unaung'oa unahama nao. Nimeona shule ikihama Fezi moja kwenda nyingine na ubao ukiwa juu ya kichwa cha mtu.

Lakini bei rahisi ina siri. Ubao wa bei ya juu ni chuma kilichopakwa enameli na kuchomwa kwa tanuri, uso wake ni kama kikombe cha bati cha shosho. Huo hata ukiuonea utavumilia. Zetu nyingi ni melamini, yaani karatasi iliyoloweshwa plastiki na kubandikwa juu ya mbao ya maranda. Uso ni mwembamba. Ukiukwaruza mara moja, kila wino utaingia ndani ya mkwaruzo, hata ule wa kufutika, na baada ya mwaka ubao ni wa kijivu na una vivuli vya masomo ya mwaka jana. Kwa hivyo yule mlinzi na waya yake ya sufuria, Mungu ambariki, ndiye aliyefanya listi yetu kuwa ya kudumu kweli. Wino peke yake haungeweza.

Kuna wino mmoja tu mtaani ambao ni wa kudumu kwa haki yake. Ule wa kura. Wino wa kura wa kweli una nitrati ya fedha, unaingia kwa ngozi, mwanga ukiupiga unageuka mweusi ndani ya ngozi yenyewe. India waliutumia kwa uchaguzi mkuu wa 1962 na haujawaacha. Hakuna spiriti wala asetoni ya kuutoa, unangoja tu ngozi na ukucha vikue. Hapa Kenya 1988 tulikuwa na uchaguzi ambao hata karatasi ya kura haikuwepo kwa mchujo, mlolongo, unapanga laini nyuma ya picha ya mtu wako na wote wanakuona. Buda huwa anasema hapo hawakuhitaji wino, ulikuwa umeshawekwa alama. Lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.

Tarehe 13 Machi 2020 kisa cha kwanza cha corona kikatangazwa Kenya. Tarehe 15 Rais akatangaza shule zifungwe. Halafu kila mlango ukawa na sanitaiza. Serikali mpaka ilichukua ethanoli iliyokuwa imekamatwa kwa magendo ikapelekwa kwa Kenya Pipeline itengenezwe sanitaiza ya kugawa bure. Fomula ya WHO ni ethanoli asilimia 80. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nasaidia binamu yangu kwa duka lake la fotokopi. Tulikuwa na kibao cheupe kidogo cha bei, "Fotokopi 5, Printi 10", kimeandikwa na pamanenti tangu siku ya kufungua. Binamu akamwagia sanitaiza kwa bahati mbaya akijaza chupa. Nilikuwa nimesimama hapo. Ile "10" ikaanza kulia machozi meusi mpaka chini ya fremu.

Nikachukua tishu nikapitisha mara moja. Ubao ukawa mweupe. Nilikaa chini, na kitu cha kwanza nilichofikiria ni mathe kwa lile dawati la mbele.

Ni hesabu rahisi. Ile gundi ya maka iliyeyushwa na alkoholi kiwandani, kwa hivyo alkoholi itaiyeyusha tena. Kitu kinachoyeyusha wino ukiwa kwa kalamu kitauyeyusha ukiwa kwa ubao. Wiki hiyo nilijaribu kila kitu kilichokuwa na alkoholi kwa ploti. Spiriti ya kemisti, ile ya kusafishia kidonda, ndiyo kali zaidi na ndiyo safi zaidi: weka kwa kitambaa cha pamba, bonyeza kwa doa uhesabu mpaka kumi, halafu futa kuelekea ndani ili usisambaze weusi. Sanitaiza ya maji inafuatia. Ya jeli inatoa wino lakini inaacha ubao umeteleza, kwa hivyo maliza na maji na kitambaa kikavu, la sivyo maka ya kesho itakataa kuandika. Perfyumu inafanya kazi, hata ile bodi sprei ya mbao mbili, lakini darasa litanuka kama matatu ya Ijumaa jioni.

Na ile ya kushangaza zaidi ni maka juu ya maka. Huna spiriti, huna kitu, uko darasani na watoi wanakuangalia. Chukua maka ya kawaida ya ubao, nzuri iwe nyeusi na mbichi, upake juu ya yale maandishi ya pamanenti, yafunike yote. Hesabu sekunde mbili tatu tu, isikauke kabisa. Futa. Kile kimiminika chake kinalainisha gundi ya zamani, na yale mafutamafuta yanaingia chini ya rangi na kuiinua. Doa likiwa la zamani rudia mara tatu. Hiyo maka ilikuwa darasani kwetu wiki zote tisa. Ilikuwa imekaa kwa kijisahani cha chini ya ubao, sentimita thelathini kutoka kwa jina langu.

Vitu vya kuepuka ni vichache. Asetoni, ile dawa ya kutoa Cutex, inatoa wino vizuri sana lakini kwa melamini inaweza kutoa na mng'ao wa ubao, kwa hivyo jaribu kwa kona kwanza au achana nayo. Mafuta taa yanaacha utando na moto uko karibu kila wakati kwa keja zetu. Waya ya sufuria, nishasema. Na spiriti inashika moto pia, usiitumie jiko likiwa limewashwa, na fungua mlango.

Shule zilifunguliwa kwa vipande, Oktoba 2020 darasa la nne, la nane na kidato cha nne, halafu wote 4 Januari 2021. Kulikuwa na sanitaiza kwa milango mingi ya madarasa Kenya hii.  Na bado hakuna mtu mwenye aliwaambia maticha kwamba hiyo chupa inafuta ubao.

Mtu ataniambia tatizo halikuwa maka, tatizo ni listi. Najua. Sheria ya Elimu ya Msingi ilipita 2013, mwaka mmoja kabla ya listi yetu, na inakataza kumdhalilisha mtoto shuleni, kwa mwili au kwa akili. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja hapa Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Picha tu. Sasa jina la mtoto na deni la mzazi wake? Lakini sheria haikuwa kwa lile darasa, na madam naye, nikimfikiria leo, alikuwa hajalipwa miezi miwili. Tulijua, kwa sababu alikuwa anachukua mandazi kwa mkopo kwa dirisha la mathe wa canteen. Aliandika majina kwa sababu aliambiwa aandike. Sijui kama aliona ni maka gani. Nimeamua kuamini hakuona.

Jumamosi huwa nasaidia kwa tuisheni ya watoi hapa Fezi 4, kwa holi ndogo, bure. Tuna ubao mmoja, melamini, tulipewa na ofisi iliyokuwa inahama mjini. Mwezi uliopita mtoi wa miaka tisa alichukua pamanenti kwa begi yangu akaandika jina lake kubwa katikati, na alipojua haitoki akajificha nyuma ya mlango analia. Wenzake walikuwa wanasema atalipa. Nikamwita. Nikampa maka ya kufutika nikamwambia apake juu ya jina lake lote, asiache mahali. Akapaka huku anapangusa kamasi. Nikamwambia, futa sasa. Ilitoka yote isipokuwa kivuli cha herufi ya mwisho, hiyo tukaimaliza na spiriti. Wengine wote wakataka kujaribu na majina yao. Somo la sayansi siku hiyo lilikwisha hivyo, na maka nne zilikauka, kwa hivyo mwenye ana maka za ziada anajua pa kuzileta.

Jioni nikamsimulia mathe. Nikamuuliza kama anakumbuka ile listi ya darasa la saba. Alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua kichwa. "Elfu mbili mia tatu hamsini," akasema. Halafu akaniambia niangalie kwa ile bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro, mahali vyeti vya kuzaliwa viko. Risiti iko hapo, ya Juni 2014, imekunjwa mara nne, na wino wa muhuri bado unasomeka.